Uchawi wa kwenye gemu una bei: kutunga nguvu na hadithi kwa pamoja

Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba unatengeneza gemu yenye uchawi ndani yake, kisha usubiri. Shangazi ataanza kukuombea kabla hujamaliza sentensi. Kijana aliyekulia kwenye vibanda vya gemu vya Manzese atakwambia hiyo ni kazi ya wiki moja: weka moto, weka radi, weka mzee mwenye ndevu nyeupe, imeisha hiyo. Mmoja anaogopa, mwingine anadharau, na kati yao hakuna anayeizungumzia kazi yenyewe, yaani kukaa chini na kuamua nguvu hizo zinatoka wapi, zinaishia wapi na nani anazilipia.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno matatu.

Gemu ya kuigiza mhusika ni ile ambayo mchezaji anapewa mtu mmoja ndani ya dunia ya kubuni, anamkuza, anamchagulia maneno na matendo, na maamuzi aliyoyafanya jana yanamfuata leo. Ndipo inapotofautiana na gemu ya mpira, ambayo kila mechi inaanza upya sifuri kwa sifuri. Aina hii haikuzaliwa kwenye kompyuta. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani unaotumia karatasi, kalamu, dadu na mtu mmoja anayesimulia kinachotokea. Gemu nyingi za kompyuta na simu zilizofuata zimerithi mifupa yake.

Mfumo wa uchawi ni kanuni zinazosema ndani ya dunia hiyo nani ana nguvu, anazipata wapi, anaweza kufanya nini nazo, hawezi kufanya nini, na anapozitumia anapungukiwa nini. Na nuizo, kama nitakavyolitumia neno hili hapa, ni tendo moja la uchawi: kurusha moto ni nuizo moja, kujikinga ni nuizo lingine. Mfumo ni mkubwa kuliko manuizo yote yakijumlishwa. Unaweza kuwa na manuizo arobaini na usiwe na mfumo, na kwa kweli hapo ndipo gemu nyingi za vijana wetu zinapokwamia: michoro mizuri, joho zuri, fimbo inayowaka, na mchezaji aliyechoka dakika ya ishirini.

Kuhusu hofu ya shangazi, yeye si wa kwanza. Miaka ya 1980 huko Marekani wazazi na makanisa kadhaa walipiga kelele kwamba Dungeons & Dragons inaingiza watoto kwenye ibada za shetani. Ukivifungua vitabu vyenyewe utakutana na majedwali: umbali wa kurusha, muda wa kudumu, idadi ya dadu za kurusha. Huwezi kumroga jirani kwa jedwali. Hata hivyo hofu ya shangazi ina upande ambao sitaki kuucheka, na nitaurudia huko mbele, kwa sababu nchi yetu ina makovu halisi kwenye jambo hili.

Nguvu bila bei

Njia rahisi ya kuelewa uchawi wa gemu ni LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kuutumia. Umeme umo ndani ya nyumba, waya zipo, taa zipo, lakini kila unachowasha kinakula yuniti, na vitu havili sawa. Taa ya sebuleni unaweza kuiacha usiku kucha usisikie kitu. Jiko la umeme litakumaliza kabla maharage hayajaiva. Kwa hiyo zikibaki yuniti tatu Jumapili jioni, hakuna anayeuliza kama jiko linawaka. Swali ni kama linastahili kuwashwa, na nani ndani ya nyumba atalalamika taa zikizimika. Hesabu hiyo ndiyo mchezo wenyewe. Mchezaji mwenye nguvu zisizoisha hana cha kuamua, anabonyeza tu. Mpe kipimo kinachoshuka, na kila pambano linageuka kikao cha familia.

Jambo lisilosemwa sana ni kwamba aina ya bei huamua aina ya mtu ambaye mchezaji atalazimika kuwa. Katika Dungeons & Dragons ya mwanzo, mchawi alikariri manuizo yake asubuhi, na akishalitumia moja lilifutika kichwani hadi alikariri upya; wazo hilo lilitoka kwenye hadithi za mwandishi Jack Vance. Mchezaji wa namna hiyo anakuwa mtu wa mipango: anakisia leo atakutana na nini. Dragon Quest ya Japani, mwaka 1986, ilitumia akiba ya pointi inayopungua kila unapotumia nguvu, na mchezaji akawa mhasibu. Final Fantasy ya kwanza, mwaka 1987, ilihesabu mara: una nafasi kadhaa za manuizo madogo, chache za makubwa, na zikiisha ndogo huwezi kukopa kwenye kubwa. Ultima IV, iliyotoka 1985, ilikwenda njia nyingine kabisa. Ulilazimika kutafuta viungo, vitunguu saumu na jivu la kiberiti vikiwemo, ukavichanganya kabla ya safari. Mchezaji akawa mtu wa sokoni.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "mhusika wangu ana pawa gani?" jiulize unataka mchezaji ajisikie nani. Jibu la swali hilo litakuchagulia bei, na bei itakuchagulia karibu kila kitu kingine.

Alichokosa Liongo

Bei ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mpaka: kitu ambacho nguvu haziwezi kukifanya hata ulipe kiasi gani. Hapa hatuna haja ya kwenda Japani, kwa sababu pwani yetu ina mfano wa karne nyingi, na kwa maoni yangu hakuna gemu iliyoufikia.

Fumo Liongo, shujaa na malenga wa upande wa Pate na Ozi, alikuwa haingiliki na silaha. Mkuki ulishindwa, mshale ulishindwa. Kitu kimoja tu kingeweza kumuua: sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni. Tazama kanuni hiyo moja inavyozaa hadithi nzima. Kwa kuwa silaha hazimwingii, maadui hawana faida ya kumkabili. Inabidi waitafute siri. Siri anayo yeye mwenyewe, basi lazima apatikane mtu anayemwamini. Anayemwamini ni mwanawe (wengine husimulia kuwa ni mpwawe), basi lazima kijana ahongwe. Kijana anauliza, Liongo anashuku, na bado anamwambia. Sindano inaingia akiwa usingizini. Anaamka, anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti na kufia pale, mshale ukiwa tayari kwenye upinde. Watu wa mji wanamwona kwa mbali na hawathubutu kusogea kuteka maji, maana hakuna anayejua kama amekufa.

Sasa iondoe shaba, ukiondoe na kitovu, useme tu kwamba Liongo alikuwa hafi. Usaliti unakosa sababu, mwana anakosa cha kuuliza, na kisima kinabaki kisima. Watunzi wengi huongeza uwezo pale hadithi inapolegea. Dawa ni kuongeza mpaka.

Mwandishi wa Marekani Brandon Sanderson aliwahi kuliweka hili kwa namna ya kanuni, mwaka 2007: kadiri msomaji anavyouelewa uchawi wa hadithi, ndivyo mwandishi anavyoruhusiwa kuutumia kutatua matatizo. Kama kanuni hazijulikani, shujaa akiokolewa na nuizo la ghafla msomaji anajiona ametapeliwa. Kwenye gemu kanuni hiyo inabana zaidi, kwa sababu nguvu ziko mikononi mwa mchezaji mwenyewe. Za kwake lazima ziwe wazi mpaka namba ya mwisho. Fumbo unaweza kuliacha kwa wengine: jini la mapangoni, mzimu wa mbuyuni, bibi anayejua jambo kabla halijatokea. Hao hawana haja ya kujieleza, na wakianza kujieleza wanapungua.

Tutengeneze moja

Maelezo matupu yanachosha, kwa hiyo tujenge mfumo mmoja hapa hapa, wa kubuni, kwa kutumia vitu vya mji huu. Mji wa gemu yetu tuuite Mzizima, jina la kijiji kilichokuwepo kabla Sultani Majid wa Zanzibar hajaanza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860.

Chanzo cha nguvu: bahari. Mtu wa Feri au Kunduchi anajua bila kufundishwa kwamba maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kwamba saa haikai mahali pamoja. Kila siku husogea mbele kwa takriban dakika hamsini. Anajua pia kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua, maji yanapanda sana na kushuka sana, tofauti ikipita mita tatu, na kwamba katikati ya vipindi hivyo kuna maji mafu, ambayo hayapandi wala kushuka kwa maana. Hiyo ni ratiba iliyokamilika, na hatukuitunga sisi.

Tuseme kipimo cha nguvu ni kibaba. Siku ya kawaida maji yakijaa mhusika ana vibaba 12, yakipwa ana 4. Siku ya bamvua anapata 16 maji yakijaa, lakini yakipwa anabaki na 2. Siku ya maji mafu ana 9 na 6. Angalia tulichokipata bila kuandika hata neno moja la hadithi: adui mwenye akili atashambulia saa ya kupwa siku ya bamvua. Mchezaji mwenye akili atakuwa amelijua hilo, na atakuwa ameshapanda milima ya Pugu, au amejificha, au ameamua kupigana na vibaba viwili. Wavuvi, ambao kwenye gemu nyingi huwa watu wa kupita tu na kapu la samaki, hapa wanakuwa watu muhimu kuliko askari, kwa kuwa wao ndio wanaosoma maji.

Mipaka: nguvu hizi zinashika maji ya chumvi na kilichoguswa nayo. Haziponyi. Hazifiki bara, ila maji ya chumvi yanapopanda mkondo wa Msimbazi, kwenye mikoko ya Selander, na nguvu zinapanda nayo. Mtu wa Kimara hana lake hapa, na hilo lenyewe ni ugomvi wa kisiasa unaosubiri kuandikwa.

Bei: kiu. Kila kibaba kinachotumika kinaongeza kiu moja mwilini. Kiu ikifika sita mikono inatetemeka na kulenga kunakuwa kugumu. Ikifika kumi mhusika anaanguka. Kata moja ya maji baridi inapunguza kiu tatu. Maji ya bahari hayasaidii, ni wazi.

Na hapa ndipo Dar es Salaam inapoingia na miguu yote miwili. Mji huu unajua thamani ya dumu. Wanaokumbuka mgao wa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua, wanajua jinsi heshima ya mtu inavyoweza kupimwa kwa idadi ya madumu yaliyopangwa barazani. Sasa weka ndani ya mji wa namna hiyo watu ambao kila wakionyesha nguvu zao wanakunywa maji ya mtaa mzima. Wanaweza kuzuia mafuriko, wanaweza kuinua jahazi lililokwama, na wakimaliza kazi wanakwenda kisimani mbele ya akina mama waliopanga foleni tangu alfajiri. Mtaa utawapenda au utawachukia? Vyote viwili, siku hiyo hiyo. Hiyo ni hadithi tayari, na hatukulazimika kuleta mfalme wa giza kutoka mlima wa mbali.

Mhusika wetu awe Zena, binti wa muuza maji wa Jangwani. Baba anaishi kwa kuuza kile ambacho kipaji cha binti kinakimaliza. Adui awe bwana mmoja mwenye visima, mwungwana, mtoa sadaka, ambaye hana kibaba hata kimoja cha nguvu. Hana haja nazo. Ameelewa kanuni kuliko wachawi wenyewe: anayeshika maji baridi amewashika wote. Adui wa aina hii namwona bora mara kumi kuliko jitu lenye pembe, kwa sababu mchezaji hawezi kumshinda kwa nuizo kubwa zaidi.

Namba haziongopi

Watu wengi wanadhani kusawazisha gemu ni kipaji cha ajabu. Sehemu kubwa ni kugawanya.

Mpe Zena manuizo mawili. Kamba inakula vibaba 2 na inaumiza kwa pointi 10. Wimbi linakula vibaba 6 na linaumiza kwa pointi 21. Kwa macho, Wimbi ni kubwa na litapendwa. Gawanya: Kamba inatoa pointi 5 kwa kila kibaba, Wimbi linatoa 3.5. Mchezaji hatapiga hesabu hiyo kwenye karatasi lakini vidole vyake vitaijua ndani ya robo saa, na Wimbi ulilolichora kwa wiki mbili halitaguswa tena. Ukilipandisha hadi 40, Kamba ndiyo itakayokufa. Tiba si kusawazisha namba mpaka zifanane, kwa kuwa hapo mchezaji hana cha kuchagua. Lifanye Wimbi limpige kila adui aliyesimama mbele. Adui akiwa mmoja, Kamba ni bora. Wakiwa wawili, Wimbi linatoa jumla ya 42, yaani 7 kwa kibaba, linapita. Na kwa kuwa linaleta kiu sita kwa mpigo, mikono inatetemeka papo hapo. Sasa kuna swali, na jibu linabadilika kila pambano.

Kama unatumia bahati, chagua dadu kwa makusudi. Dadu moja haina upendeleo, sita inakuja sawa na moja. Dadu mbili zikijumlishwa zina tabia: kati ya matokeo 36, saba inakuja mara 6, kumi na mbili inakuja mara 1 tu. Nguvu ambazo mhusika amezizoea ziendeshe kwa dadu mbili, mchezaji aweze kuzitegemea. Nguvu za kukurupuka, au za kitu alichokiokota ufukweni na hakijui, zipe dadu moja.

Kuna imani nyingine inayowagharimu vijana muda mwingi: kwamba wingi ni utajiri. Ukiwa na asili tano za nguvu, tuseme maji, moto, upepo, udongo na chuma, kuna jozi 10 za kukutana, na kila jozi inabidi uijue: moto ukikutana na upepo inakuwaje? Ukiwa na asili kumi, jozi ni 45. Umeongeza mara mbili, kazi imeongezeka zaidi ya mara nne, na wewe uko peke yako chumbani Mwananyamala na feni moja. Asili mbili zinazogongana vizuri zinatosha. Mzizima yetu ina moja tu, chumvi, na kinyume chake.

Hadithi inayojibu

Hadithi ya gemu hutofautiana na ya riwaya kwa jambo moja linalowatesa waandishi: msomaji anashika usukani. Wazo la kwanza la kila mtu ni kumpa chaguo kila hatua, na kila chaguo liwe na njia yake. Hesabu haikubali. Maamuzi kumi ya ndiyo au hapana, yasiyokutana tena, yanazaa miisho 1,024. Hakuna atakayeiandika, na aliyeanza hakumaliza.

Kinachofanyika ni kuacha njia zitengane na zikutane tena, huku gemu ikikumbuka mchezaji alipitia wapi. Kwenye Mzizima tungeweka daftari dogo la siri, deni la maji la kila mtaa. Zena akinywa kisima cha Magomeni na asirudishe kitu, deni linapanda. Hakuna kinachotokea siku hiyo. Lakini sura ya tano, anapokimbizwa na kubisha hodi, Magomeni watamfungulia au hawatamfungulia. Tukio ni moja, umeliandika mara mbili tu, na mchezaji anaapa kwamba gemu nzima imebadilika kwa ajili yake. Kilele nacho kinatoka kwenye kanuni ile ile: bamvua na mvua ya masika vinakutana, Jangwani inakwenda na maji, na Zena anaweza kuyarudisha nyuma, ila atakunywa visima vya mitaa mitatu mpaka vikauke. Ipi mitatu? Mchezaji achague, akiwa na daftari lake.

Ultima IV niliyoitaja ilifanya jambo la karibu na hili mapema mno. Haikuwa na adui mkuu wa kuuawa mwishoni. Lengo lilikuwa mchezaji atimize fadhila nane, na gemu ilimhesabia kimyakimya: ukimpunja muuzaji kipofu, imeandikwa.

Mtego mkubwa kwenye hadithi ni kifo. Final Fantasy VII ya mwaka 1997 ina tukio ambalo watu wanalililia hadi leo, kuuawa kwa Aerith, mmoja wa wenzake shujaa. Ina pia, kwenye mapambano yake, kitu kiitwacho Phoenix Down kinachomwinua mwenzako aliyeanguka, na kila mchezaji alikuwa nacho mfukoni. Utani wa kwa nini hawakukitumia haujawahi kuisha. Ile gemu ilikuwa na nguvu ya kutosha kubeba mkanganyiko huo. Yako huenda isiwe nayo. Kama watu wanaweza kufa kwenye hadithi yako, wanaoanguka vitani waite waliozimia, au usiweke nuizo la kufufua kabisa. Ndiyo maana nguvu za Mzizima haziponyi.

Historia ndefu ya dunia yako, ile ya wafalme thelathini na vita vya miaka elfu mbili, iache kwanza. Hakuna atakayeisoma kabla hajampenda Zena.

Ushauri mmoja wa kiufundi kwa wanaoandika kwa Kiswahili, na ninaomba ukumbukwe mapema. Programu nyingi zinaunganisha sentensi zenyewe: "Umepata" kisha namba kisha jina la kitu. Kwetu haifanyi kazi. Kuna kitabu kimoja na vitabu viwili, panga moja na mapanga mawili, chumvi haihesabiki. Kila kitu kwenye orodha yako kihifadhiwe pamoja na ngeli yake na umbo la wingi. Kuongeza hilo baada ya vitu mia tatu ni adhabu.

Vya kwetu, na visivyoguswa

Huhitaji fimbo za Ulaya. Mila za hapa zina hazina iliyokwisha kupangwa kikazi: hirizi huvaliwa, kago hulinda shamba, zindiko hukinga nyumba, tego hutegwa likamsubiri mkosaji. Mtengeneza gemu anaona hapo vazi, ukuta, ngome na mtego. Kiro'o Games ya Yaoundé, Cameroon, ilionyesha mwaka 2016 kwamba inawezekana: Aurion, gemu yao, imejenga nguvu za shujaa juu ya urithi wa mababu, na mwanamfalme Enzo anasafiri na mkewe Erine, jambo ambalo gemu chache huthubutu.

Lakini shangazi alikuwa na hoja. Nchi hii imezika watu wenye ualbino waliouawa kwa sababu ya imani kwamba viungo vyao vinaleta utajiri, na Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwa ajili hiyo. Kwa hiyo mfumo wenye kiungo cha mwili wa mtu kama malighafi ya nguvu usiuandike, hata kwa adui, hata kwa nia ya kulaani. Kwenye gemu chochote chenye namba hugeuka kitu cha kutamani. Vivyo hivyo bibi kizee mwenye macho mekundu asiwe mchawi mbaya. Vikongwe wameuawa kwa maelezo hayo hayo. Na maji ya Kinjeketile, ambayo watu wa kusini waliyaamini dhidi ya risasi za Wajerumani kati ya 1905 na 1907, yana wafu wengi mno nyuma yake kuuzwa kwenye duka la ndani ya gemu kwa sarafu hamsini. Ukitaka kuyagusa, yawe kiini cha hadithi na uwe umesoma.

Kabla ya kompyuta

Programu ya kutengenezea gemu kama Godot ni ya bure na haimdai mtu ada ya leseni, lakini usianze nayo. Nunua dadu za ludo Kariakoo, kata karatasi, waite watu watatu wasiokuogopa. Mmoja awe Zena, mmoja mwenzake, mmoja asome maadui, wewe ushike ratiba ya maji na kaa kimya. Kaa kimya kweli, kwa sababu ukianza kufafanua utakuwa unarekebisha gemu kwa mdomo, na mdomo wako hautakuwemo kwenye simu ya mnunuzi.

Andika mambo mawili tu: nuizo ambalo halikutumika hata mara moja, na mahali ambapo mtu aliuliza "kwani siwezi kufanya hivi?" La kwanza lifute au lipe kazi. La pili ni la thamani zaidi, maana mchezaji ameielewa kanuni yako kiasi cha kuona mlango ambao hukuuona. Akiuliza kama Zena anaweza kuvuta chumvi iliyomo kwenye jasho la adui, usikimbilie kukataa. Chumvi ni chumvi. Mpangie vibaba, mpangie kiu, halafu uone mezani inakuwaje.